Kina cha Kifundo

Hapa Mwera, chini ya majani ya magimbi,
maji yamelala, jua limeyapasha:
vijiperege, kila kimoja punje ya mpunga
iliyoota macho.
Kambare hafiki; mgongo ungemtoka nje.

Wakipata upana wa kucha watashuka gotini,
penye mizizi. Wakitimia kiganja,
kule mkondo unakokata kona, kizani,
wala hutajua walihama siku gani.

Mize amesimama nao,
kashika ncha ya kanga yangu.
Nasugua sufuria kwa mchanga.
"Mama, huyu mmoja anakwenda!"
Haagi. Anarudi nyasini mara mbili, tatu,
halafu harudi.

Ncha ya kanga inaelea tupu.
Maji yamemfika Mize gotini.