Moja Iliyopigwa Mstari

Saa moja na nusu asubuhi, Thunder Bay.
Theluji imepanda hadi dirisha la famasia,
nami nina karatasi ya viti tisa,
nawapa watu namba kabla hawajavua makoti.

Moja: sindano, plasta, kwaheri.
Mbili: dripu ya saa moja, mshipa unaoonekana.
Tatu: mshipa uliojificha, presha inayoyumba, maswali.
Nne: dawa ya mara ya kwanza,
muuguzi asibanduke kando ya kiti,
maana mwili usioijua dawa
huweza kuikataa kwa kishindo.

Zamani ofisi ilihesabu vichwa.
Vichwa ishirini na viwili, wauguzi watatu, basi.
Kichwa ni kichwa, alisema Bwana Prudhomme wa bajeti,
kana kwamba debe la pamba na debe la misumari
humchosha mchukuzi sawasawa.
Ndipo Raija akapima kwa saa ya mkononi, majuma sita,
kila hatua, kila mlio wa kengele,
hata dakika za kutafuta blanketi lenye joto,
tukaipata mizani hii.
Sitaitukana. Ilituletea muuguzi wa nne
siku za Jumanne.

Lakini leo ni Alhamisi, tuko watatu,
na kiti cha saba ni cha Eino Kangas.
Kumchomoa pampu, dakika kumi.
Nimemwandikia moja, kwa wino.

Anaingia amevaa viatu viwili visivyojuana.
Helmi, aliyekuwa akimfunga kamba,
amefariki Jumapili, na hajazikwa:
ardhi imeganda, kaburi linangoja Aprili.
Hasemi naumwa. Anasema,
"Nani atanisomea maandishi ya chupa za vidonge?"

Naketi.
Pampu imetoka zamani.
Kengele ya kiti cha pili inalia, Raija anakimbia,
ananitupia jicho, si la lawama, la hesabu.
Dakika ya ishirini. Ya thelathini na tano.
Nachora juu ya kila chupa kwa kalamu nene:
cha asubuhi jua, cha usiku mwezi,
cha mchana sikujua nichore nini
nikachora sahani.
"Helmi angechora samaki," anasema,
na hapo ndipo anapolia, kidogo,
kama mtu anayejaribu bomba
aone kama maji bado yapo.

Jioni nairudia karatasi.
Wino haufutiki. Naipiga ile moja mstari,
pembeni naandika tatu.
Safu ya sababu ina nafasi ya neno moja.
Presha? Kichefuchefu? Mshipa?
Hakuna kisanduku cha viatu.

Naandika: Helmi.

Kesho Bwana Prudhomme atapiga simu
kuuliza hiyo ni dawa gani,
na huisha kwa dakika ngapi.