Rupia ya Kumi na Mbili

Desemba ile watu wote walikuwa wamerudi Kidia,
magari yamepangana hadi kwenye mfereji,
na kaka zangu walikodi mashine kutoka Arusha,
elfu themanini kwa siku, mafuta ya pikipiki mbali.
Ina mpini kama wa fagio, na sahani chini,
na Wilbroadi, mwenyewe, alivaa vidude masikioni
kama daktari anayesikiliza tumbo la ardhi.

"Wajerumani waliacha vitu," alisema Kisali.
Kila mtu mlimani ana mjomba
aliyemjua mtu aliyefukua sanduku.

Mashine ililia kwenye migomba: kizibo cha soda.
Ikalia kwenye mibuni: jembe lisilo na mpini,
wembe, springi ya Landrova, kijiko cha mama
tulichochapwa wote watatu kwa kukipoteza.
Hicho walikitupa. Nilikiokota, nikakifuta kwa kanga.

Mimi ni binti. Kihamba hakinihesabu.
Kazi yangu siku hiyo ilikuwa sufuria ya kiburu
na kusema, chai ipo, njooni mnywe.

Saa nane, chini ya masale ya mpakani,
majani yale yale tunayoombea radhi,
ilipiga ukelele wa mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.
Sururu. Koleo. Halafu mikono.
Gae la chungu, ngozi iliyokwisha kuwa udongo,
na ndani yake rupia,
nyeusi kama vifungo vya koti la marehemu.
Ndekirwa alisugua moja kwa majivu na ndimu:
akachomoza mfalme wa kigeni, masharubu yamesimama,
tai amemwatamia juu ya kofia.
Wakahesabu: kumi na moja. Wakahesabu tena.
Kumi na moja.

Kisali alishapiga simu. Sonara hupima kwa gramu.
Ndekirwa akasema hapana, wako wanaolipa
kwa mwaka ulioandikwa.
Wakagombana kwa adabu, kwa sauti za kanisani.

Mimi nilikuwa nimekalia ndoo,
maana miguu ilikataa.

Aliyemwogesha shangazi Nsiande miezi yake ya mwisho
ni mimi. Wao walituma pesa.
Maji ya uvuguvugu, mgongo kama ubao wa kufulia,
naye anasema Kichagga, kana kwamba anausimulia ukuta:
bibi yake alidaiwa kodi ya nyumba,
rupia tatu kwa mwaka, miaka minne.
Akauza maziwa kwa wajenga reli,
akauza ndizi, akauza shanga za harusi yake.
Ng'ombe akakauka.
"Ilibaki moja," shangazi alisema. "Moja tu, mwanangu."
Askari walikuja kabla ng'ombe hajazaa.
Kumi na moja hazikuwa kodi. Zilikuwa kumi na moja.
Wakamfunga babu kamba, wakateremka naye
hadi kwenye mkonge, hakupanda mlima tena.
Na yule mke, zile fedha
hakuzinunulia hata chumvi.

Nilidhani ni maneno ya homa.

Sikuwaambia. Wangeniuliza ushahidi,
na baada ya ushahidi, bei.

Walipokwenda kunawa, shimo lilikuwa bado wazi.
Kwenye fundo la kanga nilikuwa na mia mbili,
sarafu yenye simba, chenji ya dukani.
Nikaidondosha, nikasukumia udongo kwa kandambili.
Haikutoa sauti.

Jioni Wilbroadi alipita mara ya mwisho, kwa uhakika,
na pale pale, chini ya masale, mashine ikalia
kwa sauti ile ile, haikupunguza hata kidogo.
"Bado ipo!" Kisali akapaza sauti, akavua saa yake,
akapiga magoti na suruali ya Krismasi.

Nikaenda kuchochea moto.