Matumizi Kabla ya Yai la Kwanza

Barani, Malindi. Vyumba viwili, kimoja sasa cha nyoka.
Naandika kwa kalamu ya hoteli iliyonifuta kazi.
Wino wake ndio pekee ambao sikuulipia.

Kibali kwanza. Wengi huruka hapa.
Nauli ya ofisini mara nne:
mara ya kwanza karani yuko harusini,
ya pili nikapewa fomu ya kasa,
ya tatu wakataka ramani ya chumba, na mlango ufungukie wapi,
ya nne akaniuliza, muhuri ukiwa hewani:
"Wa kufuga? Kwa hiari yako?"
Nikasema ndiyo. Akaugonga kama anayeua kitu.

Majike wawili, dume mmoja.
Nyoka wa nyumbani, rangi ya kahawa, wapole, hawana sumu,
wale wale ambao mtaani huuawa bure kwa mpini wa ufagio.
Mimi nimemlipa Mwaringa wa Gede elfu nne na mia tano kila mmoja,
na risiti ninayo.
Bi Rukiya wa jirani aliposikia bei akaketi chini:
"Mwanangu, si ungeniambia!
Juzi nimeua wawili chooni."

Vioo: kabati la sonara aliyehama, kaukata fundi Bwanaheri.
Akauliza, ni kwa samaki? Nikasema, samaki.
Bei ya samaki ni mia nane kwa kasha.
Uongo huo haumo daftarini,
ingawa nao ni mtaji.

Joto. Nilidhani Malindi joto ni la Mungu.
Kumbe mchana linazidi, alfajiri ya Julai linapungua,
na nyoka hataki dhana, anataka kipimo.
Waya wa kupasha, elfu mbili. Tokeni za umeme, nimeacha kuhesabu.
Vipimajoto viwili vikabishana usiku kucha,
nikanunua cha tatu kiwe kadhi.

Kisha panya.
Hili hakuna aliyeniambia.
Nyoka watatu wanataka panya arobaini nyuma yao,
weupe, wenye afya, wanaozaa bila kukatizwa.
Pumba, maji, maranda ya seremala, na harufu.
Nikiulizwa kazi yangu, ukweli ni huu:
mimi ni mfuga panya
mwenye wageni watatu wasiolipa chakula.

Wa akiba niliwaweka kwenye friza ya mke wangu,
ndani ya mfuko wa khaki, nikaandika DAWA.
Nyevu huuza barafu za ukwaju, shilingi kumi kumi.
Siku ya Alhamisi mtoto wa Kache alijihudumia mwenyewe.
Sauti ile ilifika mpaka msikitini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Mimi sijaumwa bado.
Nashtuka nikiona risiti.

Leo nimefungua daftari nikakuta mwandiko usio wangu,
herufi za duara, za mtu aliyesoma kwa masista:
*Barafu zisizouzika, siku tisa, arobaini kwa siku.*
*Friza, kusuguliwa kwa ndimu na magadi, mara tatu.*
*Mama yangu, ambaye hatakuja Idi.*
Mbele ya mstari huo hakuweka bei.
Nimeiangalia nafasi hiyo tupu muda mrefu.
Nikachukua kalamu, nikairudisha.

Usiku jike mkubwa amevua gamba,
zima, bila mpasuko, hata vifuniko vya macho vimo.
Nyevu alikuwa mlangoni na taa ya simu,
kwa mara ya kwanza tangu Machi.
Hakuingia.
"Hilo nalo linauzwa?"
Sijui, nikasema.
"Basi uliza," akasema, "kabla hujanunua kitu kingine."
Akazima taa.
Gamba nimelibana katikati ya daftari,
kati ya matumizi na ukurasa wa mapato,
ambao mpaka sasa una tarehe tu.