Glavu Kwenye Mdomo wa Oili

Gari la Mhina Kaoneka lilifika likivutwa kwa kamba ya katani
kutoka Pongwe, Jumatatu, saa ya chai.
La buluu, la Kijerumani, lenye supachaja inayolia
kama cherehani iliyokasirika.
Mafundi watatu walishabadilisha sili ya nyuma.
Ya nne kaileta mwenyewe, mfukoni, ndani ya gazeti:
"Funga hii, Mwanjaa. Orijino. Usinihadithie."

Sikumhadithia.
Nilimtuma Mbaruku duka la dawa, Barabara ya Kumi na Mbili,
akarudi na glavu moja ya manesi.
Nikafungua kifuniko cha oili,
nikaivisha injini glavu mdomoni,
nikawasha.

Kidole gumba kwanza.
Kisha cha shahada, kisha vyote,
mkono mweupe ukasimama juu ya injini,
umevimba, unatetemeka,
kama mwanafunzi anayejua jibu
na mwalimu hamtazami.

Mbaruku alicheka mpaka akakalia tairi.
Mhina hakucheka.

Sili haina kosa, nikamwambia. Imesukumwa.
Kila mlipuko una moshi wake mtoro:
huponyoka kando ya ringi, hushuka tumboni,
huchanganyika na mvuke wa oili ya moto
na kuanza kutafuta pa kutokea.
Injini zote ndivyo zilivyo, hata mpya, hata ya bosi wa bandari.
Shauri ni mlango.
Gari likiunguruma polepole, manifodi huvuta,
mvuke hupandia hapo, ukaungua, basi.
Lakini ukikanyaga, supachaja inashindilia hewa,
palipokuwa panavuta panasukuma,
na vali moja, ndogo kama kidole cha mtoto, sharti ijifunge,
mvuke uzungukie mpira wa pili
ukaingilie kabla ya supachaja, kule ambako bado kuna kiu.

Vali yake ilikuwa imeganda wazi, imejaa lami.
Na mpira wa pili,
nilipouchomoa, ulinitolea kizibo cha mti,
kimechongwa vizuri, kimezungushiwa silikoni.

Waliotuonya juu ya ufa na ukuta
hawakuwahi kufungua injini.
Hapa aliyeziba ndiye aliyebomoa.

Mhina alikigeuzageuza kizibo kiganjani.
"Ni mimi," akasema.
"Siku ya kupeleka mahari Muheza.
Ndani ya gari kulinuka oili, na nimempakia shangazi.
Nilichonga kwa kisu, palepale uani,
na kanzu nimeshavaa."

Sikumuuliza kama mahari yalipokelewa.
Mbaruku alitaka kuuliza, nikampa spana ashike.

Tukaweka vali mpya. Tukachukua kopo la maziwa ya unga,
nikalitia masikio mawili ya shaba, la kuingilia na la kutokea,
mvuke upite humo kwanza, utue mzigo, uondoke mwepesi.
Mbaruku akasema tujaze katani, si iko tele?
Nikakataa. Katani huachia nyuzi, na nyuzi husafiri.
Tulijaza waya wa kusugulia sufuria,
tuliouomba kwa mama ntilie wa pili kutoka kona,
ambaye mpaka leo anaudai.

"Kopo hili," nikamwambia Mhina, "limwage kila Ijumaa.
Hewa ya Tanga ina maji. Utakuta uji
wa rangi ya chai ya maziwa iliyolala.
Usishtuke. Na usimwage mtaroni, majirani zangu wanakujua."

Nikarudisha glavu mdomoni. Nikawasha.
Vidole havikuinuka.
Vililala, kisha taratibu vikaanza kuzama,
kimoja kimoja, ndani ya injini,
kama mtu anayeingiza mkono mfukoni
kutafuta kitu alichokwisha kukisahau.

Mhina naye alitia mkono mfukoni.
Akatoa ile sili, bado imo gazetini.
"Hii je?"

Hiyo funga pia, nikasema. Ya tatu imeshachoka.