Kitone Chekundu

Tulikichora sisi, ghorofa ya pili, Ilazo,
madirisha tumeyafunga kwa sababu ya vumbi la Agosti.
Kitone tu. Punje ya uwele inakizidi.
Tulijaribu bluu, watu wakalala.
Tulijaribu nyekundu, wakaamka.
Bosi akapiga meza kwa furaha,
akatuagizia chipsi kuku, wote tisa.

Nilisahau kwamba katika hao watu
yumo shangazi.

Jumamosi nikaenda Hombolo kumsaidia kupanga zabibu kwenye kreti.
Saa tisa usiku nikaona uso wake
unawaka peke yake gizani, kama umekatwa shingoni.
"Shangazi Nyemo, kuna nini?"
"Kimekuja tena. Labda bei imepanda."

Haikuwa bei.
Tulikuwa ni sisi:
*Tumekukumbuka! Hujatutembelea tangu jioni.*

Tangu jioni!
Mtu kalala, na sisi tunamdai salamu
kama wakwe walionuna.
Mgeni wa Ugogoni hupiga hodi tatu,
asipoitikiwa hugeuza njia, wala hasemi kitu.
Sisi tulipiga hodi ya kumi na moja,
tena ndani ya mto wake wa kulalia.

Akaisogeza miwani, akatafuta pa kubonyeza
kwa kidole kile kinachojua, kwa kugusa tu,
kichala kipi kiachwe siku mbili zaidi.
Kwenye kioo chetu kidole hicho kilipotea.
"Nimezeeka," akasema.
Sikumwambia ni mimi niliyekificha kitufe cha kuzima
chini ya menyu tatu.

Jumatatu nilikifuta kitone.
Kitufe nikakileta mlangoni, kikubwa, cha rangi ya udongo.
Na chini ya orodha ya bei nikaandika:
*Mwisho. Hakuna jipya hadi asubuhi.*

Bosi Chilongani akaigeuza kompyuta yake, nione mstari ulivyoporomoka.
"Dakika zetu zimekwenda wapi?"
"Zimelala," nikasema.
Hakucheka.
Kikao kingine ni Alhamisi. Nasikia wanataka kirudi,
safari hii kwa rangi ya chungwa.

Kama shangazi amelala, sijui.
Hilo hatuna chati yake.
Ninachojua, saa tisa hii niko macho,
bando linakaribia kuisha,
nautazama ule mstari
kama umeshuka tena.