Palipokuwa na Mkorosho

Tulitoka Shela ya Malindi saa mbili asubuhi,
mimi na dada yangu Zamzam,
na daftari la baba ndani ya mfuko wa nailoni.
Arubaini imepita. Madeni yamelipwa:
la duka la vyuma, la bima, la muuza vitumbua.
Limebaki moja, kwa kalamu ya risasi:
Kenga Ngumbao. Njia ya Baricho.
Elfu tatu na mia mbili. Asisahauliwe.

Baba alikuwa fundi wa mashine za posho.
Miaka thelathini alizizungukia huko bara,
akirudi na unga kwenye nyusi
na kauli ileile: mimi sijapata kuuliza njia.
Kuuliza, akisema, ni kwa wageni na polisi.

Gari ni lake, dereva ni Zamzam,
mimi ndimi ramani.
Maana simu, tulipopita Ganda, ilikuwa na akili zake.
Kakuyuni ikaanza kusitasita.
Baada ya Jilore ikatuonyesha sisi wenyewe,
kitone cha buluu juu ya weupe mtupu.
Hakuna barabara, hakuna kijiji.
Tupo tu.

Tukauliza.
Mwanamke mwenye ndoo kichwani hakusimama:
"Hapo tu mbele."
Hapo tu mbele ikawa kilomita tisa.
Mvulana wa baiskeli na magunia ya makaa:
"Fuateni bomba la maji."
Tukalifuata. Likazama ardhini kama fuko,
likatuacha na migunga.
Wa tatu, mbele ya kibanda cha kinyozi,
alitueleza kwa mikono miwili, pole pole:
"Mtakwenda hadi palipokuwa na mkorosho,
ule uliokatwa mwaka wa njaa.
Hapo msipinde.
Mbele kuna nyumba ya Jumwa. Jumwa amehama.
Hapo sasa, pindeni."

Basi tukautafuta mti usiokuwapo
na nyumba ya mtu asiyekuwapo.
"Lakini kila mahali hapa hapana mkorosho,"
akasema Zamzam.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mkipotea, gari huwa dogo.
Akaniuliza kwa nini sikuja hospitali ile Jumatatu.
Nikamwambia abadilishe gia.
Tukalipita kanisa la bati, tukalipita tena.
Mara ya tatu watoto walitupungia mikono
kama jamaa zao.

Saa tisa kijana wa bodaboda alituonea huruma,
akatutangulia bila neno
hadi uani kwa mtu mwembamba
aliyekuwa akipukuchua mahindi.
Alisimama kabla hatujashuka.
"Mlio wa gari hili naujua," akasema.
"Mmepotea. Kama baba yenu."

Tukadhani tumesikia vibaya.

"Usiku mmoja alikwama hapa, petroli imemwishia.
Nilimkopesha ya pikipiki yangu, na pesa ya kulala Langobaya.
Akaapa kurudi. Na alirudi.
Mara nne nimelisikia gari lake ng'ambo ya mihogo ile,
likizunguka, likisimama, likizunguka.
Nilitoka, nikapunga shati.
Hakuuliza mtu.
Nikasikia anarudi mjini."

Zamzam alihesabu noti mara mbili,
ingawa zilikuwa chache.
Kenga alichukua elfu tatu,
mia mbili akairudisha: "Ya mafuta."
Tukanywa maji yake, yana chumvi kidogo,
na mkewe akatufungia mahindi kwenye gazeti.
Kuhusu Jumatatu hakuna aliyesema kitu,
ila dada alinipa kikombe chake nikimalize.

"Njia ya kurudi mnaijua?"
Nilifungua kinywa. Sauti iliyokuwa tayari kutoka
haikuwa yangu.
Nikaimeza.
"Hatuijui," nikasema.

Akachutama, akachora mchangani kwa gunzi:
"Mnapajua palipokuwa na mkorosho?"

"Tunapajua," akajibu Zamzam.