Saa Nane na Nusu, Mara Mbili

Kalenda ya Bohdan ilikuwa na duara jekundu,
Novemba kumi na nne,
na chini yake, kwa kalamu ileile: TUNATOKA.
Keki ilishaagizwa kwa mwokaji wa mtaa wa Pekařská.
Maboksi mia sita yalishapangwa ghalani,
matupu, yameachama.

Nawe, Zdislava, ulikuwa umefika jaribio la mia mbili na kumi na moja
kati ya mia tatu na arobaini,
na sweta lako la kijivu, na chai iliyopoa.
Kubonyeza. Kusubiri. Kuandika.
Tulikupita tukikutania:
"Konokono wa Brno, umefika wapi?"
Ukajibu bila kuinua kichwa: "Nilipofika."

Pampu yetu haikuwa kubwa, ilitosha kiganja.
Hupima mofini, huisukuma mshipani
kwa saa iliyoamriwa, mgonjwa kalala.
Uliitia joto, ikapita. Uliitia baridi, ikapita.
Uliiangusha kutoka mezani mara ishirini,
ikaamka ikihesabu palepale ilipoachia.

Kisha ukaidanganya kwamba ni usiku wa Oktoba,
Jumapili ya mwisho, ambapo huku kwetu
saa tisa ikigonga hurudishwa kuwa saa nane
kwa amri ya serikali,
na kila mtu hupewa saa moja ya kulala bure.

Dozi ya saa nane na nusu ikatoka.
Saa ikarudi nyuma.
Saa nane na nusu ikaja tena, haina haya,
na pampu, mtiifu kama mtoto wa shule,
ikatoa tena.

Mstari ule niliuandika mimi.
Ijumaa, jioni, nikiwahi treni.

Bohdan alipiga meza. "Usiku mmoja tu! Mmoja kwa mwaka mzima!"
Nawe ukauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya vitunguu:
"Usiku huo mmoja una vitanda vingapi?"

Kurekebisha kulinichukua dakika arobaini.
Kusubiri kulituchukua wiki kumi na moja,
kwa kuwa uliirudia kazi yote tangu jaribio la kwanza:
aliyegusa uzi mmoja, ulisema,
hawezi tena kuliapia shuka zima.
Duara jekundu likafutwa, likaacha doa la waridi.
Keki ililetwa siku yake vilevile, hakuna aliyekumbuka kuikataa.
Tuliila kimya, tumesimama.

Ningependa kuishia hapo, wewe shujaa, sisi wapumbavu.
Lakini barua ilikuja kutoka Olomouc,
kwa muuguzi anayeitwa Hedvika:
*Pampu za zamani zimekufa nne. Usiku tuko wawili,
wagonjwa thelathini, tunahesabu matone kwa macho.
Mtaleta lini?*

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana,
moja inalaani haraka, nyingine inalaani kuchelewa,
kisha wakajifia, wakatuachia kesi.

Uliibandika barua juu ya skrini yako.
Hukuruka jaribio hata moja.
Ila tangu siku hiyo ulikuja Jumamosi,
na Jumapili nilikuona taa yako inawaka
nami nikapanda ngazi, nikavuta kiti.
"Nisomee matokeo," ulisema, "mimi niandike."

Mwisho wa Januari, theluji ikifika magotini,
ulitia sahihi ukurasa wa mwisho, ukatafuta koti lako.
Maboksi yakafumba vinywa.

Oktoba iliyofuata nilikesha jikoni.
Saa nane na nusu ikapita.
Saa ikarudi. Saa nane na nusu ikapita tena.
Simu haikulia.
Nilikata kipande cha mkate, nikakipaka jemu,
nikakitazama kwa muda mrefu kabla ya kukila.